Ni siku ya ngapi tangu sindano? Kutatua majibu ya damu ya mchangiaji seli shina

Chembe nyeupe 46,000. Ukiipata namba hiyo kwa mgonjwa mwenye homa aliyeletwa kutoka Sikonge, unamwita daktari mbio. Ukiipata kwa mtu mzima mwenye afya aliyechomwa dawa ya G-CSF kwa siku nne ili achangie seli shina (seli mama za damu) kwa mgonjwa, dawa inafanya kazi yake. Karatasi zinafanana, na mashine iliyozitoa ni ileile. Kinachozitenganisha ni swali ambalo fomu zetu nyingi hazina nafasi ya kuliandika: leo ni siku ya ngapi tangu sindano ya kwanza?

Mimi ni mtu wa benchi la maabara hapa Tabora. Seli shina hazikusanywi huku. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto (uboho wa mifupa, unaotengeneza damu) mwaka 2021, ikitumia seli za wagonjwa wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye sikoseli wanaopewa uloto wa ndugu zao. Wengine husafiri hadi India. Hata hivyo damu ya kwanza ya mchangiaji hupimwa mara nyingi huku mikoani, na akishachangia na kupanda treni kurudi Tabora au Kigoma, ni sisi tunaompima tena akijisikia vibaya. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara na waganga wa vituo, na pia kwa ndugu wa mgonjwa anayeshika bahasha ya majibu bila kujua aogope au asiogope.

Jambo moja la msingi kwanza. Seli shina za damu hukaa ndani ya uloto, zimeshikiliwa pale na protini kama mtumbwi uliofungwa kamba. G-CSF, ambayo dawa yake inayotumika zaidi ni filgrastimu, huongeza neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) kwa wingi na wakati huohuo hulegeza kamba hizo, seli shina zikatoka kuelea kwenye damu. Dozi ya kawaida ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mchangiaji kwa siku, chini ya ngozi, na ukusanyaji huanza siku ya tano. Seli shina zinatambulika kwa alama iliyo juu yake inayoitwa CD34, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984. FBP, kile kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu, haizioni. FBP inahesabu chembe nyeupe zote kwa pamoja, na makosa mengi ninayoyaeleza hapa chini yanazaliwa na kusahau hilo.

Kabla ya sindano: chembe nyeupe ziko chini

Kijana wa Kasulu, mzima, analima, anaambiwa hafai kwa kuwa chembe zake nyeupe ni 3.4 na neutrofili 1.2 (yaani 3,400 na 1,200). Kaka yake mgonjwa anabaki bila mchangiaji. Hili linaniuma kuliko mengine yote katika makala hii, kwa sababu mara nyingi hakuna ugonjwa wowote.

Viwango vilivyopakiwa kwenye mashine nyingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi hawana alama ya Duffy juu ya chembe zao nyekundu. Mwili usio na Duffy hubeba neutrofili chache zaidi katika damu inayozunguka, na uloto wake ni mzima kabisa. Kukosa Duffy huko ndiko pia kunakotukinga na malaria ya vivaksi. Utafiti uliopima watu wazima wenye afya Mbeya ulikuta chembe nyeupe zilizo chini ya viwango vya vitabu vya Ulaya.

Kwa hiyo usimkatae mtu kwa namba moja. Muulize kama huugua mara kwa mara: majipu, vidonda vya mdomoni, nimonia. Tafuta karatasi zake za zamani. Kama miaka mitatu iliyopita alikuwa na 3.6 na leo ana 3.4, huyo ndiye yeye. Rudia kipimo baada ya wiki mbili, tazama slaidi kwa hadubini, pima VVU (atapimwa kwa vyovyote). Hemoglobini na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zikiwa sawa, na slaidi ikiwa safi, andika maelezo hayo kwa maneno kwenye fomu kabla haijaenda kwa kituo kitakachomchukua. Neutrofili zikiwa chini ya 1.0, au chembe za aina nyingine nazo zimeshuka, hapo mpeleke kwa daktari wa damu.

Karatasi hiyohiyo ikionyesha eosinofili (aina nyingine ya chembe nyeupe) nyingi, fikiria minyoo, na kwa watu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika fikiria kichocho. Tibu, subiri, pima tena.

Chembe sahani 38,000 kwa mtu anayebeba magunia

Hakuna michubuko, fizi hazitoki damu, ila karatasi inasema 38,000. Sababu ya kwanza ya kutafuta ni kuganda kwa sampuli: damu ilivutwa polepole, au chupa ya kifuniko cha zambarau haikugeuzwageuzwa. Chovya kijiti, ukikuta donge, tupa na uvute upya.

Kama hakuna donge, tazama ukingo wa slaidi. Kwa watu wachache, EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa hiyo, huzifanya chembe sahani zishikane makundi makundi, na mashine huyapita makundi hayo bila kuyahesabu. Vuta tena kwenye chupa ya sitrati yenye kifuniko cha buluu, pima mapema, kisha zidisha jibu kwa 1.1 kwa sababu sitrati ya maji imeizimua damu kidogo. Nimeona 38,000 ikigeuka 210,000 ndani ya nusu saa.

Kama slaidi nayo inaonyesha ni chache kweli, pima malaria. Malaria hushusha chembe sahani hata kwa mtu anayetembea na kucheka. Hilo lina uzito mara mbili hapa, kwa kuwa vimelea vya mchangiaji huweza kusafiri ndani ya mfuko hadi kwa mgonjwa ambaye kinga yake imefutwa kwa makusudi.

Umri wa sampuli nao uangaliwe. Damu iliyotoka Uvinza asubuhi kwa pikipiki, ikalala mezani, ikapimwa kesho yake jioni, hutoa chembe nyekundu zilizovimba na slaidi isiyosomeka.

Hemoglobini, na sikoseli

Hemoglobini ya chini kwa kina mama wa umri wa kuzaa mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma. Itibiwe na tarehe isogezwe mbele. Sikoseli haitibiki kwa kusogeza tarehe. Mwenye ugonjwa wa sikoseli hapaswi kuchomwa G-CSF ili achangie: chembe nyeupe zikijaa ghafla huweza kuamsha shambulio kali, na vifo vimewahi kuripotiwa. Mwenye kurithi upande mmoja tu, yaani mbebaji, huweza kuchangia chini ya uangalizi wa kituo. Kwa kuwa mgonjwa wetu mara nyingi ni mtoto wa sikoseli na mchangiaji ni ndugu yake wa tumbo moja, kipimo cha aina ya hemoglobini hakiruki kamwe, hata kama mama anaapa kwamba mkubwa hajawahi kuumwa.

Siku ya nne: mashine inapiga kelele, hadubini inaonyesha seli changa

Chembe nyeupe kati ya 20,000 na 60,000, neutrofili zimetawala, na kwenye slaidi kuna mielositi, metamielositi, chembechembe nzito ndani ya neutrofili, pengine hata blasti (seli changa kabisa) moja moja. Ukiyaona hayo bila historia utaandika "maambukizi makali" au utashuku saratani ya damu ya aina sugu. Kuna mchangiaji ninayemfahamu aliyepitia kituo kimoja akiwa katikati ya sindano, akapewa antibiotiki za mshipa kwa sababu hiyo tu, na safari yake ikachelewa siku mbili. Siku mbili kwa mgonjwa aliyekwisha kupewa dawa za kuua uloto wake ni hatari kubwa.

Vimeng'enya LDH na ALP, na asidi ya yuriki, hupanda pia siku hizo, kisha hushuka vyenyewe. Cha kuangalia kwa makini ni kilele: chembe nyeupe zikizidi 70,000 hadi 75,000, kituo hupunguza au husimamisha dozi. Piga simu kwa kituo siku hiyohiyo, usingoje barua. Homa ya kweli, kikohozi, au kidonda chenye usaha vitafutwe kama kawaida. G-CSF huweza kuleta joto kidogo na uchovu kama mafua, lakini malaria haisubiri mtu amalize sindano zake.

Chembe nyeupe zimepaa, CD34 imelala

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Karatasi ya FBP inasema 45,000 na familia inashangilia. Kisha kipimo cha CD34 kinarudi na 8 kwa mikrolita. Mtu mwenye afya ambaye hajachomwa kitu huwa na CD34 chache sana, chini ya 5 hivi. Siku ya tano tunatarajia zipande kupita 20, na wachangiaji wengi wenye afya hufika 50 hadi 100. Wingi wa chembe nyeupe hautabiri vizuri wingi wa seli shina. Watu wawili wenye 45,000 wanaweza kuwa na CD34 za 12 na 110.

Anza na swali la siku. Nilimuuliza dada mmoja, "Ulichomwa mara ya kwanza lini, dada?" Akajibu, "Jumapili jioni." Damu yake ilivutwa Jumatano asubuhi, na fomu ikaandikwa siku ya nne. Ukihesabu, alikuwa amepata sindano tatu tu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. CD34 huanza kupanda siku ya tatu au ya nne na hufika kileleni siku ya tano au ya sita. Kipimo cha Jumatano kilikuwa cha mapema, basi. Andika idadi ya sindano, tarehe na saa, badala ya "siku ya nne" peke yake.

Kisha linganisha namba mbili. Kama chembe nyeupe nazo hazikupanda, tuseme 11,000 baada ya sindano nne, tatizo liko kwenye dawa au uchomaji. Filgrastimu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, haigandishwi, wala haitikiswi. Umeme ukikatika siku nzima mwezi wa Oktoba, friji ya kituo kidogo hupata joto, na dawa iliyowekwa kwenye sehemu ya barafu ili "ipoe vizuri" nayo huweza kuharibika. Angalia pia hesabu ya dozi. Mtu wa kilo 70 anahitaji mikrogramu 700, na kichupa kimoja kina 300 au 480. Aliyechomwa kichupa kimoja cha 300 kila siku amepata chini ya nusu, na kila mtu anaamini amechomwa ipasavyo. Muombe mchangiaji akuonyeshe vichupa vitupu. Mimi huwaambia wavitunze vyote kwenye mfuko mmoja mpaka siku ya ukusanyaji.

Kama chembe nyeupe zimepanda vizuri na CD34 imebaki chini, dawa ilifika. Zimebaki sababu mbili: kipimo chenyewe, au mwili.

Kipimo cha CD34 hufanywa na mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza, ikihesabu zile zilizoshikwa na kingamwili zenye rangi. Inatafuta seli chache mno kati ya maelfu, kwa hiyo sampuli ya jana, seli zilizokufa, au uchanganyaji usio sahihi hupotosha jibu. Na kuna kosa la kusoma ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja: asilimia kuchukuliwa kama idadi. Jibu la "0.1" linaonekana kama sifuri. Ila 0.1 ya asilimia ya chembe nyeupe 45,000 ni 45 kwa mikrolita, na hiyo ni namba nzuri. Tazama kizio kilichoandikwa pembeni, kama ni asilimia au idadi kwa mikrolita, kabla hujampa mtu habari mbaya.

Kama kila kitu ni sahihi, basi mwili wa mchangiaji huachia seli kidogo. Umri mkubwa huchangia. Wanawake kwa wastani hutoa chache kidogo kuliko wanaume. Na aliyeanza na chembe sahani chache au CD34 chache kabla ya sindano huwa na matarajio madogo. Hakufanya kosa lolote. Hili aambiwe waziwazi, tena mbele ya ndugu zake, maana nimeona kaka mkubwa akilia akidhani "damu yake imemkataa" mdogo wake. Kituo kina njia: kuongeza siku ya sita, kuongeza pleriksafori inayokata ile kamba inayoshikilia seli kwenye uloto, au kuvuta uloto wenyewe kutoka mfupa wa nyonga akiwa amelazwa kwa nusukaputi.

CD34 nzuri, mfuko haujatosha

Mashine ya ukusanyaji hutoa damu mkono mmoja, huizungusha, huchukua tabaka jembamba lenye seli tunazotaka, na kurudisha iliyobaki mkono wa pili. Huchukua saa tatu hadi tano.

Fanya hesabu. CD34 60 kwa mikrolita ni milioni 60 kwa lita. Ikipita damu lita 12, seli milioni 720 zimepita mbele ya mashine. Mashine haizinasi zote. Tuseme imenasa asilimia 45, mfuko una milioni 324. Mgonjwa wa kilo 60 atapata milioni 5.4 kwa kilo. Vituo vingi hulenga milioni 4 hadi 5, na chini ya milioni 2 ni hatari kwamba uloto mpya hautashika kwa wakati.

Sasa mchangiaji wa CD34 15, lita zilezile: mfuko una milioni 81. Kwa mtu mzima wa kilo 60 ni 1.35, haitoshi. Kwa mtoto wa kilo 20 ni milioni 4, inatosha. Kwa hiyo kabla ya kusema "amechangia kidogo", uliza mpokeaji ana kilo ngapi.

Kama hesabu inadai milioni 324 na mfuko umetoa 150, angalia mashine. Mshipa mwembamba hufanya damu itoke kwa kukatikakatika na tabaka linavurugika. Mfuko mwekundu kupita kiasi maana yake tabaka limewekwa chini mno. Uliojaa chembe sahani, juu mno. Hayo ni ya mafundi wa kituo.

Midomo inawasha, vidole vinakufa ganzi

Hutokea mchangiaji akiwa bado kwenye mashine. Sitrati inayozuia damu isigande imeshika kalsiamu yake. Muuguzi hupunguza kasi na kumpa kalsiamu. Mchangiaji aseme mapema, kwa kuwa wanaume hasa hukaa kimya mpaka vidole vikakamae, na hapo kalsiamu ya mshipa huhitajika.

Maumivu

Mgongo, nyonga na kifua vikiuma kuanzia siku ya pili, uloto unafanya kazi ya ziada. Ni wachangiaji wengi zaidi wanaoyapata kuliko wasioyapata. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Aspirini iachwe, na vituo vingi hukwepa pia diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu chembe sahani ziko njiani kushuka. Maumivu huisha siku chache baada ya sindano ya mwisho.

Maumivu ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, au yanayopanda kwenye bega la kushoto ni kitu kingine kabisa. G-CSF huvimbisha bandama, na kwa nadra sana bandama hupasuka. Huku kwetu, ambako malaria ya miaka mingi imeacha watu wengi na bandama kubwa tangu utotoni, ninasisitiza ipapaswe na ipimwe kwa ultrasaundi kabla ya sindano ya kwanza. Ikiuma, dawa inasimama na mtu anapelekwa hospitali siku hiyo, si kesho. Kuanzia sindano ya kwanza hadi wiki mbili hivi baada ya ukusanyaji, asipande baiskeli yenye mzigo, asicheze mpira, asibebe gunia. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hatakubali kirahisi, kwa hiyo mwambie na mkewe.

Amerudi nyumbani, namba zimeshuka

Mashine huondoka na chembe sahani nyingi. Kushuka kwa theluthi moja hadi nusu ni kawaida: aliyeondoka na 240,000 anaweza kurudi na 130,000. Hupanda tena ndani ya wiki moja au mbili. Chini ya 75,000, au dalili yoyote ya kutoka damu, mpigie kituo.

Chembe nyeupe hurudi mahali pake ndani ya wiki hivi, kisha wiki ya pili au ya tatu zinaweza kuzama kidogo chini ya kiwango chake kabla ya kutulia. Akija siku hizo na homa, pima malaria kwanza, kisha tafuta maambukizi mengine. Wengi huuliza kama sindano zitawaletea saratani ya damu. Maelfu ya wachangiaji wamefuatiliwa kwa miaka, na ongezeko hilo halijaonekana.

Mwezi mmoja baadaye tunarudia FBP. Linganisha na karatasi yake ya kabla ya sindano, ile uliyoitunza kwenye faili. Yule kijana wa Kasulu akirudi na 3.4, amerudi nyumbani kwake, hata mashine ikiipigia mstari mwekundu.